Muleba, Hukumu Ile ni Yenu

Tarehe 24 Agosti 1988 bibi mmoja wa Muleba aliuza shamba. Jina lake Holaria Pastory. Umri ulikuwa umekwenda, hakuwa na mtu wa kumtunza, na shamba lilikuwa lake kwa wosia halali wa baba yake. Akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, tarehe 25, mpwa wake akawa ameshafika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kufungua kesi. Madai yake yalikuwa mafupi: shangazi ni mwanamke, na kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mauzo yakabatilishwa, bibi akaamriwa arudishe fedha za watu.

Fikiria hali yake. Mzee wa kike, peke yake, ameshindwa kesi nyumbani kwao, na aliyemshinda ni mtoto wa ndugu yake. Wengi wetu tungerudisha hela kimya kimya, tukasema Mungu yupo. Ma Holaria akakata rufaa.

Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki. Hakimu alitazama Katiba, akaona kwamba haki za binadamu zilizoingizwa humo mwaka 1984 hazimbagui mwanamke, basi kanuni inayombagua haina pa kusimama. Mpwa naye hakuchoka, akaenda Mahakama Kuu, Mwanza. Huko, tarehe 22 Februari 1990, Jaji James Mwalusanya akaimaliza kesi. Kanuni ya 20 ya urithi wa kimila, alisema, inagongana na ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi, na kuanzia hapo mwanamke na mwanamume wana haki sawa juu ya kuuza ardhi ya ukoo. Alitaja Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Alitaja Mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Alitaja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mikataba yote hiyo ya dunia iliitwa ije kusimama upande wa bibi mmoja na shamba lake la Muleba.

Sasa sikilizeni hili, watu wa Muleba. Afrika Kusini, pamoja na Katiba yake inayosifiwa kote, Mahakama yake ya Katiba ilifikia uamuzi wa namna hiyo kuhusu urithi wa kimila mwaka 2004. Botswana, Mahakama ya Rufani iliwapa mabinti haki ya kurithi nyumba ya familia mwaka 2013. Sisi tulitangulia. Ephrahim dhidi ya Pastory, kesi ya mpwa yule na shangazi yake, inafundishwa katika vitivo vya sheria ndani na nje ya bara hili, na mwanafunzi wa Nairobi anaweza kukutajia jina la Holaria bila kufungua daftari. Nenda ukamuulize mama anayechuma kahawa Nshamba kama amewahi kulisikia.

Ninachokuja kusema ni hiki: hukumu ile ni mali ya Muleba, na Muleba haijaitumia. Kashasha yenyewe, ukiitaja mbele ya wageni waliosoma, watakusimulia habari ya kicheko. Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka wasiweze kujizuia, shule ikafungwa, mambo yakasambaa hadi Nshamba, na mpaka leo madaktari wa dunia wanaandika juu yake. Haya, tuwaachie kicheko chao. Jina hilo hilo la Kashasha limeandikwa ndani ya moja ya hukumu kubwa za haki za wanawake barani Afrika, na hilo ndilo ningependa watoto wetu walijue kwanza.

Najua atakayenikatiza hapa. Atasema, waitu, unataka kutuharibia mila. Vizuri, tuizungumze hiyo mila, maana hatuiogopi.

Mwaka 1945 Hans Cory wa serikali ya kikoloni na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Waliokaa nao kueleza mila walikuwa wanaume, machifu na wazee wa mabaraza. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, kanuni za kimila za makabila mengi ya nchi hii zikakusanywa katika Tangazo la Serikali namba 436. Humo binti aliwekwa daraja la tatu la urithi, nyuma ya kaka mkubwa na kaka wengine wote. Ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuilima maisha yake yote lakini asiiuze. Mjane, kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, hakupewa fungu. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Yaliyokuwa mazungumzo ya wazee, yanayobishaniwa na kubadilika, yakagandishwa kwenye karatasi ya serikali. Halafu tunaambiwa karatasi hiyo ndiyo mababu.

Mababu hawakuwa wagumu hivyo. Nani asiyekumbuka habari za senene? Mwanamke alikesha akiwakamata, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga, akamwandalia mume, na yeye mwenyewe alikatazwa kuwaonja. Leo msimu ukifika Novemba, nionyeshe nyumba ya Bukoba ambako mama anakaa pembeni akimwangalia baba anatafuna peke yake. Hakuna jaji aliyefuta mwiko huo. Wanawake walianza kula, wanaume wakazoea, na Uhaya haukuzama ziwani.

Nyarubanja nayo ilikuwa mila. Mkulima aliyerithi mgomba kutoka kwa baba na babu alihesabiwa mpangaji wa bwana fulani, akimpelekea mazao kila mwaka kwa ardhi aliyoilima kwa mikono yake. Wakuu walisema ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Watu walilalamika, wakapeleka kesi, wakaunda vyama, na mwaka 1965 Bunge likatunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Mjukuu wa mpangaji yule ndiye leo anamwambia dada yake kwamba mila haibadiliki! Ningecheka kama wale wasichana wa Kashasha kama jambo lenyewe lisingekuwa linauma.

Halafu kuna wale bibi zetu ambao hatupendi kuwataja. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 wanawake wa Kihaya walipanda meli wakaenda Kampala, Nairobi na kwingineko. Kazi ambayo wengi wao waliifanya huko tunaijua, na tumeifanyia mizaha ya kutosha. Nusu ya pili ya habari hatuisimulii. Walirudi na fedha. Walinunua vibanja kwa majina yao, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto wa ndugu zao, wakiwemo watoto wa kaka waliowafukuza. Walikuwa wameachika, au wamefiwa, au ni mabinti wasio na fungu kwa baba, na ardhi waliyonyimwa na ukoo waliinunua kwa jasho ambalo ukoo huo huo uliliita aibu. Viongozi wa Buhaya walihangaika miaka mingi kutafuta namna ya kuwazuia wasisafiri, kwa kuwa eti wanalichafua kabila. Kanuni iliyowatoa nyumbani haikuwachafua? Hapo hakuna aliyeitisha kikao.

Na Jaji Mwalusanya hakuuvunja ukoo. Hili nalirudia kwa sababu limepotoshwa sana vilabuni. Alisema kanuni iwe moja kwa wote: mwanaukoo yeyote, awe wa kike au wa kiume, akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila idhini, wanaukoo wengine wanaweza kuikomboa kwa kurudisha bei. Mpwa wa Ma Holaria alipewa nafasi hiyo hiyo: lipa shilingi 300,000, chukua shamba. Kwa hiyo anayelia kwamba hukumu ile imeuza Uhaya kwa wageni, aisome kwanza.

Aisome wapi? Hapo ndipo penye uvivu wetu. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na miaka zaidi ya thelathini imepita. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, lakini hukumu za zamani hazijitafsiri zenyewe. Bukoba mjini kuna mawakili, kuna mahakimu wastaafu, kuna walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili, kuna vijana waliomaliza shahada ya sheria wanaosubiri ajira huku wakinywa chai Rwamishenye. Ninyi mnashindwa nini kukaa Jumamosi mbili au tatu mkaiweka katika Kiswahili kinachoeleweka, kisha akatafutwa mzee mmoja mjuzi wa lugha akaiweka katika Kihaya? Hiyo haihitaji mfadhili wala semina ya hotelini yenye posho ya kukaa. Inahitaji kalamu.

Mtu ataniuliza, kama sheria ipo, kelele za nini? Kelele ni kwa sababu sheria haitembei. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi hii walitambuliwa hapa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, wakijua tu kwamba umevuka mpaka pamoja na biashara. Wanaume walikufa vijana, na wajane wao wakakutana na ile kanuni ya 1963. Matanga hayajaanuliwa, shemeji anapima mipaka. Mjane anaulizwa lini atarudi kwao, na kwao, akirudi, kaka anamkumbusha kwamba aliolewa. Hukumu ya Mwanza ilitoka katikati kabisa ya miaka hiyo. Ingeweza kuwasaidia wengi. Lakini nani aliwasomea?

Na mahakama zenyewe si mara zote zimesimama imara. Wajane wawili wa Kisukuma walikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kupinga kanuni zile zile za 1963. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba kugusa mila moja kutafungua mlango wa kugusa zote. Wajane hawakukata tamaa. Shauri lao lilifika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa 1979, na mwaka 2015 kamati ikasema wazi kwamba Tanzania imewakosea. Ushindi mkubwa, na tunawapongeza. Lakini hesabu miaka hiyo, halafu hesabu misimu ya kahawa aliyopoteza mjane asiye na shamba.

Kwa hiyo mahakama peke yake haitoshi, na watu peke yao, bila sheria, huishia kupiga kelele. Vinatakiwa vyote viwili. Wamarekani weusi walilijua hili. Desemba 1955, Montgomery, jimbo la Alabama, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Usiku huo huo mwalimu Jo Ann Robinson wa chama cha wanawake na wenzake wachache walikesha chuoni wakichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwaita watu wasusie mabasi. Watu walitembea kwa miguu siku 381. Watumishi wa majumbani, wafagizi, mama za watu, asubuhi na jioni, mvua na jua. Huku wanatembea, mawakili wao wako mahakamani. Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha Katiba, tayari kulikuwa na mji mzima umesimama unaingoja amri ile itekelezwe. Muleba tulipata hukumu. Mji wa kuingoja haukuwepo.

Basi tuujenge, na tusiseme hatuna mfano wa nyumbani. Nshamba hapo hapo Muleba, yatima wa Ukimwi, watoto kabisa, walijiunga katika chama chao wakakiita Vijana Simama Imara. Watoto wasio na baba wala mama waliweza kukaa kikao, kuchagua viongozi na kupeana moyo. Sisi wenye baba na mama na simu ya kisasa tunasema hatuna muda. Nshamba hiyo hiyo ndiyo imezaa Kwa Wazee, shirika lililoanza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo bibi na babu wanaolea wajukuu. Na mwanamke aliyezaliwa Muleba, Anna Tibaijuka, alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililotaka ardhi na urithi kwa mwanamke miaka ya 1990. Serikali ilipolifuta, wanawake hao walikwenda mahakamani, wakasubiri zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikasema kufutwa kule kulikuwa kinyume cha Katiba. Huu ndio ukoo wa Ma Holaria. Hauchagui mume wala baba, unachagua kutonyamaza.

Mnaweza kudhani nazungumzia mashamba tu. Hapana, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Binti alinyimwa ardhi kwa hoja moja: huyu ataolewa, ataondoka, si wa kwetu. Hoja hiyo haikuishia kwa binti. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, majirani waliokaa Kagera miaka na miaka, wengine wamezaliwa hapa, wamezika wazazi wao hapa, walifungasha wakavushwa mpaka kwa kuwa sura zao au majina yao yalisemekana si ya kwetu, na miongoni mwao walikuwemo Watanzania. Serikali ina haki ya kulinda mpaka. Sisi majirani je, tulikuwa na haki ya kufunga madirisha? Mei 2024, Kamachumu, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa mikononi mwa mama yake usiku, na mwezi uliofuata mabaki yake yakapatikana. Aliyepanga unyama ule alishajiaminisha kwamba yule si mtoto kama wengine. Taifa lilitikisika, viongozi walikuja, kamera zilikuja. Kamera zimeondoka. Walinzi wa mtoto mwingine mwenye ualbino wa Kamachumu, Izigo au Rubya ni sisi tunaojua njia anayopita kwenda shule.

Kijiji kinachozoea kusimama na mjane siku anapotolewa shambani ndicho kitakachosimama na mtoto huyo. Mazoezi ni yale yale: kutoka nje, kuuliza, kukaa pale mpaka mwisho, kuandika majina ya waliohusika, kwenda nao ofisini. Asiyeyafanya kwa jambo dogo hatayaweza kwa jambo kubwa.

Sasa tuingie kwenye kazi. Napendekeza tarehe 22 Februari iwe siku yetu. Tuna 8 Machi, ambayo tunavaa vitenge vya sare na kusikiliza hotuba. Tuna siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, ambazo mabango yake hutoka Dar es Salaam yameshaandikwa. Ni siku njema, sizibezi. Lakini 22 Februari ni yetu, imetoka udongo huu, na mtu wa Kashasha, akishaisikia habari yake, hahitaji kufundishwa na yeyote maana yake.

Siku hiyo ifanane na watu wetu. Ngoma ipigwe, na mama zetu waimbe kwa Kihaya kuhusu bibi aliyekata rufaa. Najua watunzi tunao, maana harusini wanatunga papo kwa papo na kumtaja kila shemeji kwa jina. Hukumu isomwe kwa sauti, ile tafsiri ya vijana wa Bukoba, kipande kwa kipande, na watu waulize. Redio zetu za Bukoba ziwepo. Mapadri, wachungaji na masheikh waalikwe kama wasikilizaji, kwa mara moja. Baada ya hapo zisifuate hotuba. Zifuate meza.

Meza ya wosia kwanza, kwa sababu kesi ya Ma Holaria ilianza na wosia wa baba aliyempenda binti yake. Ta, wewe mwenye mabinti watatu na omusika, mrithi mkuu, mmoja unayemwogopa, hii ni yako. Wosia wa kimila wa maandishi si jambo la matajiri. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji 4, wawili wa kila upande. Mashahidi wanne uwanjani hapo utawakosaje? Andika, weka sahihi au dole gumba, nakala moja iende kwa mtu unayemwamini. Najua tunavyoogopa wosia, tunadhani tunajiitia kifo. Wangapi wamekufa bila kuandika?

Meza ya pili ni ya hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo ni batili. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili, la mume na la mke. Baba anayesema anampenda mama watoto aje aandike jina lake pale. Meza ya tatu wakae wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Mjane aambiwe kinagaubaga kwamba yeye mwenyewe anaweza kuomba usimamizi wa mirathi katika mahakama ya mwanzo, na kwamba shemeji si hakimu.

Kilele cha siku, kwangu mimi, ni viti. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na kwa sheria 3 lazima wawe wanawake. Wajumbe hao wanaidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila miezi 3, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Najua inavyokwenda: wanawake wako nyuma, wengine wamesimama na watoto mgongoni, majina matatu ya wanawake yanapendekezwa na wanaume, na yanayopendekezwa ni ya wale wasiobisha. Hatukatai wapole. Tunataka na yule mama mwenye mdomo, yule ambaye soko zima linamwogopa anapodai chenji yake. Huyo ndiye mjumbe. Mpendekezeni ninyi wenyewe, mkae mbele, mnyooshe mikono, msiondoke kabla muhtasari haujasomwa. Wanaume mnaokubaliana na haya, msikae kimya mkidhani ni adabu. Nyoosheni mikono pia.

Watu wa Bukoba mjini, Kashai na Hamugembe, msijione mmenusurika kwa kuwa kwenu ni mtaa. Vibanja vyenu viko kijijini na dada zenu wako huko. Ninyi mlioko Mwanza, Dar es Salaam, Uingereza na Marekani, ambao Desemba mnakuja kula senene na kupiga picha ziwani, kikao cha ukoo mnachochangia kwa simu ndicho kinachoamua shangazi alale wapi. Kabla hujatuma fedha ya matanga, uliza mjane amepangiwa nini. Ukijibiwa kwa kigugumizi, usitume mpaka upate jibu lililonyooka. Hilo nalo ni harakati, na pengine lina nguvu kuliko bango.

Mtaitwa wachochezi. Ali Migeyo, mpigania uhuru wa kwetu Kagera, aliitwa hivyo, akafungwa na wakoloni, na leo tunamtaja kwa fahari. Mtaambiwa mnavunja nyumba. Jibuni kwa upole kwamba nyumba inayosimama kwa kumtoa mama nje ilishavunjika. Mtaambiwa mnafuata mambo ya Wazungu. Hapo ndipo mtakapomtaja Holaria Pastory, mzaliwa wa hapa, bibi wa kijijini, aliyesimama hadi Mahakama Kuu wakati Wazungu hawa wanaijua Kashasha kwa kicheko tu.

Mtendaji wa kijiji chako ana daftari la ajenda za mkutano mkuu ujao. Nenda wiki hii, ukiwa na wenzako wawili au watatu, umwombe aandike mambo mawili: wajumbe wa Baraza la Ardhi watajwe kwa majina mbele ya wote, na tarehe 22 Februari itengewe uwanja. Akisema leo hana nafasi, mkae mumsubiri.